Nyumba Iliyo Ndani ya Kampuni

Muleba
16 Agosti 2024

Annastella mwanangu,

Barua hii anakuletea Dastan, dereva wa lori letu la kahawa. Ukijibu, mpe yeye mkononi, si mtu mwingine. Najua unacheka: baba mwenye simu mbili anaandika barua kama katekista wa kigango. Lakini simu unayopigia ni ya Shamsa, mke wa Ismail, na Shamsa ana masikio yanayoshika mbali kuliko ile redio niliyoiuza.

Nimepata mnunuzi wa kampuni. Yuko Dar es Salaam na anaitaka nzima: kiwanda cha kukobolea kahawa hapa Muleba, lori, leseni, na hiyo nyumba ya Hamugembe unayokaa na akina Ismail ili usome. Nyumba imo ndani ya kampuni, hati iko kwa jina la kampuni. Ismail mwenzangu kwenye kampuni, mwenye hisa chache, hajui. Atajua tukishasaini. Ismail ni mtu wa moyo, na mtu wa moyo humwambii mipango, unamwambia matokeo.

Nakwambia wewe kwa sababu tangu mdogo unaona kuliko unavyosema. Niandikie nani anaingia hapo, nani anatoka, Ismail anasema nini kuhusu kampuni. Si ujasusi. Ni macho ya mtoto kwa baba yake.

Usiogope. Nimeuza mabasi, nimeuza barafu, nimeuza mikate, nimeuza redio. Hakuna nilichokiuza kikiwa kibovu kuliko nilivyokinunua. Wengine wanalima, mimi nafanya hivyo.

Soma. Mtihani ni Novemba.

Baba yako,
Datius Mushumbusi

*

Hamugembe, Bukoba
20 Agosti 2024

Tata,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chooni, nikaikunja ndogo kabisa, nikatoka nikanawa mikono mara mbili kama vile nimeshika kitu. Mama Shamsa aliniuliza kama tumbo linanisumbua. Nikasema ndiyo. Akanichemshia tangawizi. Nimeinywa yote huku nikijua kwamba nyumba ambamo tangawizi hiyo ilichemkia inauzwa, na aliyeichemsha hajui.

Unajua siwezi kuongea. Shuleni mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza najibu, akiniuliza kwa Kiswahili najibu, mradi aniulize kwenye karatasi. Kwa hiyo nitasema hapa ambayo nisingekwambia usoni.

Mimi nimekulia nyuma ya kampuni zako. Nilizaliwa wakati wa mabasi, nguo zangu za kichanga zikanuka dizeli. Ukauza, tukahamia kule ziwani kwenye lile jumba la barafu la wavuvi ambalo ulilikuta limekufa ukalifufua. Ukauza. Ikaja mikate, na huo ulikuwa wakati mzuri kuliko yote kwa sababu Mama ndiye alikuwa anaoka. Kisha asubuhi moja alienda kazini akakuta kufuli ambalo yeye hana ufunguo wake. Wiki ile ile akarudi kwao Kishanda. Mimi na wewe tukaenda kukaa nyuma ya studio ya redio, ukanikataza kukohoa wakati wa taarifa ya habari. Labda ndiko nilikojifunzia kunyamaza.

Sikulaumu. Naomba tu unijibu mawili. Farida, binti yao, ameniambia kwamba wewe na baba yake mlinywana. Ni kweli? Na wakishatoka hapa wataenda wapi?

Wageni hawajaja. Baba Ismail haongelei kampuni, anaongelea mvua.

Mwanao,
Annastella

*

Muleba
24 Agosti 2024

Annastella,

Ni kweli. Tulikuwa vijana, yeye kondakta na mimi dereva, kwenye basi moja bovu ambalo baadaye tulilinunua. Tulienda Buganguzi kwa mzee mmoja aliyeijua kazi hiyo. Tunda la kahawa lina buni mbili. Alilipasua, akatuchanja karibu na kitovu, mimi nikameza buni yenye damu ya Ismail na yeye akameza yenye damu yangu. Mkristo na Mwislamu, tumbo moja. Mtu mliyenywana naye humfichi wala humshtaki, na nyumba yake ukibisha hodi umekosea, unaingia tu.

Na kwa kuwa umeuliza, nitakwambia lingine kabla hujalisikia kwa Farida. Nyumba hiyo ilikuwa ya baba yake Ismail. Kampuni ilipokuwa changa na sisi tunahitaji kuonekana watu wazima, Ismail alileta hati akaiingiza kwenye kampuni. Nilimwambia tuandikiane kwamba itarudi kwake. Alinicheka. Akasema, "Nani anaandikiana na tumbo lake?"

Kwa hiyo hakuna karatasi. Sikumdanganya. Ndivyo alivyotaka.

Wataenda wapi? Nitawatafutia nyumba Rwamishenye, yenye vigae na tangi la maji, si hilo jumba linalonuka magunia. Ismail atanuna mwezi mmoja, halafu atanishukuru.

Kuhusu mama yako: mikate ile ilikuwa juu. Ukingoja kitu kishuke ndipo ukiuze, huuzi tena, unazika. Yeye alitaka kuoka, mimi nilitaka tule. Hilo nitalijibu kwa Mungu, si kwako.

Wewe angalia. Andika.

Baba yako

*

Hamugembe
1 Septemba 2024

Tata,

Uliniambia niandike ninachoona. Nimeona kitu.

Jana alasiri nilirudi kutoka kujisomea nikamkuta Baba Ismail chini kwenye ghala na mwanamume nisiyemjua. Yule mtu alikuwa na futi mkononi. Walipima ukuta wa nyuma, wakapima dirisha, wakapanda ngazi wakapima na korido. Mgeni aliandika kwenye kiganja. Baba Ismail aliponiona akaacha kuongea, kisha akatabasamu kwa namna ya mtu aliyefumwa. Akaniambia, "Mwanangu, hujaona kitu, sawa?" Nikasema sawa.

Usiku kwenye chakula walitazamana yeye na Mama Shamsa, Farida akacheka kwenye bakuli lake. Waliponigeukia wakaanza kuongelea mvua.

Sijui ni nini. Nimeandika tu. Nikikuandikia nasikia kama ninaiba viatu vyao mlangoni na kukuletea.

Annastella

*

Muleba
4 Septemba 2024

Annastella,

Umefanya kazi ya mtu mzima.

Kwa hiyo na yeye anapima. Ismail, mtu wa mvua na tasbihi, ana mnunuzi wake wa pembeni, au amenusa wa kwangu na anataka kuthaminisha nyumba aje aidai. Nilikuwa nimepanga kusaini Desemba, wewe ukishamaliza mtihani. Siwezi tena. Nimempigia mtu wa Dar, siku ya kusaini tumeirudisha nyuma mpaka mwisho wa mwezi huu.

Jumamosi tarehe 21 mwakilishi wake atakuja hapo na mtu mwingine kuitazama nyumba. Watajitambulisha kama wateja wa kahawa. Ismail anapenda wageni, atawazungusha mwenyewe kila chumba. Wewe utapeleka chai na kurudi jikoni. Hilo tu.

Usitetemeke mikono. Unatetemekaga.

Baba yako

*

Hamugembe
10 Septemba 2024

Tata,

Nimekosea. Tafadhali isome barua hii umekaa.

Leo nimerudi nikakuta matofali yamejengwa kwenye kona ya ghala, ukuta mpya umeshafika kifuani. Yule mwenye futi ni fundi ujenzi, anaitwa Joackim, na ameshanitania kwamba nikifeli atakuja kubomoa. Baba Ismail alinishika mkono akanipeleka katikati ya kile kichumba. Akasema, "Sema mwenyewe, meza iangalie dirishani au ukutani?" Ni chumba changu, Tata. Cha kusomea mpaka mtihani. Walinificha ili wanishtukize. Farida akasema bora nihame kwake, maana usiku nakoroma kwa Kiingereza na yeye haelewi.

Walicheka wote. Mimi nililia, wakadhani ni furaha.

Korido waliipima kwa ajili ya waya wa taa. Dirisha walilipima kwa sababu Mama Shamsa anaogopa nitaharibu macho.

Nilikuandikia ukweli na ukweli huo umekuwa uongo ulipofika kwako. Hana mnunuzi. Hajanusa kitu. Mwambie mtu wa Dar asije. Au mwambie Baba Ismail wewe mwenyewe, kabla ya Jumamosi ya tarehe 21. Naomba. Sijawahi kukuomba kitu, hata viatu vya shule nilikuwa nangoja uvione mwenyewe vimetoboka.

Meza nimeiweka iangalie ukutani. Sikuweza kuangalia nje.

Annastella

*

Muleba
13 Septemba 2024

Annastella,

Nimeisoma nimesimama, ndivyo ninavyosoma kila kitu.

Chumba ni kizuri. Ismail ni mtu mwema, sikuwahi kusema vinginevyo. Lakini mtu wa Dar nimeshampa neno, na hii kazi yangu yote ni neno. Tena msimu huu wakulima wengi wamepeleka kahawa kwingine. Kiwanda bado kinang'aa, lakini mimi nasikia mashine inavyokohoa. Mwakani atakayekuja hapa atakuwa ananunua mabati. Kuna watu arobaini wanakula kwenye mashine hiyo. Akinunua mtu wa Dar, wanabaki kazini. Nikingoja machozi ya kila mtu yakauke, wanaenda nyumbani.

Nikimwambia Ismail sasa atasema hapana, kwa sababu ya baba yake na kaburi la baba yake na mwembe wa baba yake. Nitashindwa kumbishia. Ndiyo maana simwambii.

Umeelewa? Si kwamba simpendi. Nitashindwa.

Jumamosi peleka chai.

Baba yako

*

Kishanda
17 Septemba 2024

Anna wangu,

Barua yako imefika. Hukunieleza ni nini hasa, umeuliza tu kama siku ile ya kufuli kilichoniuma ni kupoteza kazi. Sikuulizi unaulizia nini. Namjua baba yako na mkono wako najua unavyoandika ukiwa na hofu, herufi zinalala.

Hapana. Kazi haikuniuma sana. Mikono ninayo, hapa nilipo naoka maandazi na watu wanatoka Buganguzi kuyafuata. Baba yako si mwizi. Sehemu yangu aliniletea, na ilikuwa halali.

Nilipofika pale na unga wangu kichwani, yule mama wa duka la pembeni alitoka akanipokea mzigo kabla sijauliza kitu. Alikuwa anajua. Fundi viatu alikuwa anajua. Wasichana wangu wa kazi walikuwa wameshaambiwa tangu jana yake. Mtaa mzima ulikuwa umeshanihurumia, mimi nikaja nikiimba. Hilo ndilo sijaweza kulimeza. Kama angeniamsha asubuhi ile akaniambia, "Judica, nimeiuza," ningempiga na mwiko, na labda mpaka leo tungekuwa tunakaa wote.

Kula. Shamsa akikuandalia chakula, kula.

Mama yako,
Judica

*

Hamugembe, chumba cha chini
20 Septemba 2024

Baba Ismail,

Shikamoo. Mimi na wewe tumetenganishwa na ngazi tu na bado nakuandikia. Nilipanda mara kadhaa nikafika mlangoni pako nikarudi. Utanisamehe, sauti haitoki. Naisukuma hii chini ya mlango wako kabla hujarudi kutoka msikitini.

Kesho watakuja wageni wawili. Watasema ni wateja wa kahawa. Si kweli. Wametumwa na mtu wa Dar anayeinunua kampuni, na wanakuja kuitazama nyumba hii kwa sababu imo ndani ya kampuni. Tata ameshakubaliana naye. Alipanga ujue baadaye.

Mimi nilijua tangu mwezi wa nane. Nimekula kwako kila siku nikijua. Tena nilimwandikia kwamba unapima nyumba, yeye akadhani unamzunguka, ndipo akaharakisha. Ulikuwa unanipimia chumba.

Sikuandikii ili umchukie. Anasema akikwambia atashindwa. Nakwambia mimi ili kesho usiwe mtu wa mwisho kujua ndani ya nyumba ya baba yako.

Kama unataka niondoke, nitaondoka bila kelele. Begi nimelifunga.

Annastella

*

Hamugembe, Bukoba
22 Septemba 2024

Kwa ndugu yangu Datius,

Asalaam. Wageni wako walifika jana baada ya sala ya adhuhuri. Mmoja ni mpimaji, mtu mkimya. Mwingine ndiye mwakilishi, mama anaitwa Alistidia. Shamsa aliwapikia ndizi na samaki. Binti yako alileta chai. Nasikia ulimwonya kuhusu mikono. Haikutetemeka.

Niliwatembeza nyumba nzima, kama ulivyotabiri. Niliwaonyesha kila ufa. Tulipofika sebuleni nikawaambia kwamba najua wamekuja kununua, na kwamba sina karatasi ya kuwazuia. Nikawaomba jambo moja tu, wanunue wakiwa wanajua. Hati hii niliitoa bila maandishi kwa sababu niliyempa tulinywana.

Yule mama aliweka kikombe chini. Akaniuliza, "Mlinywana kwa maneno, au mlimeza?"

Nikamwambia tulimeza. Nikamfunulia alama.

Akaitazama. Kisha akasema, "Mzee, mimi naishi Dar lakini nimezaliwa Rubafu, huku huku kwenu. Kiwanda nitamshauri bosi akichukue, ni kizuri. Nyumba hii siipeleki mezani kwake. Nyumba iliyotolewa kwa damu ina laana kwa anayeinunua; siku moja itabidi alale humu mtu, na mimi ndiye nitakuwa nimemlaza." Ameongeza kwamba hata hicho kiwanda hatakiandikia ripoti mpaka atuone sisi wawili tumekaa mbele yake, hapa, na nyumba imetolewa kwanza kwenye kampuni. Atarudi Jumatatu ya tarehe 30. Asipotukuta wote anapanda ndege yake.

Sasa langu. Kuuza kiwanda ungeniambia, ningebisha siku tatu kisha ningekubali. Mimi pia nina masikio, mashine naisikia. Ulichokiogopa ni siku tatu za mdomo wangu. Kwa hizo ukamtwika mtoto mzigo ambao mimi na wewe kwa pamoja tungeuona mzito.

Begi lake nimelifungua mimi mwenyewe. Anabaki hapa mpaka amalize mtihani, ukitaka usitake.

Usimtume Dastan wala wakili. Uje mwenyewe.

Ismail Lukmani

*

Muleba
25 Septemba 2024

Annastella,

Barua ya kwanza niliyokuandikia baada ya ile ya Ismail nimeichana. Ya pili pia. Hii ni ya tatu na bado sina hakika nayo.

Umenivua nguo mbele ya mnunuzi. Miaka yote nimekaa kwenye meza za Waasia, za mabenki, za wakubwa, hakuna aliyewahi kujua ninawaza nini mpaka nimalize. Umenifanyia wewe, ambaye hata mwalimu hawezi kukutoa neno. Usiku wa juzi nilikuwa na hasira nawe kiasi kwamba niliwasha gari nije nikuchukue. Nikafika njia panda ya Kamachumu nikageuza. Si kwa huruma. Nilijiuliza nitaingiaje.

Nimewahi kuingia kwenye nyumba nyingi, mwanangu, lakini siku zote niliingia nina cha kununua au cha kuuza. Hapo sasa sina hata kimoja. Nyumba naitoa, hilo nimeshaamua, karatasi zinaandaliwa. Lakini karatasi mtu anaweza kuitupa kwa mlinzi na kuondoka. Ismail anataka miguu yangu.

Kwa hiyo nisaidie mara hii ya mwisho. Uko hapo, unawaona. Ismail anasema nini juu yangu mezani? Hasira yake ni ya kupita au ya kukaa? Shamsa je? Nikija nije na nini: mbuzi, au mikono mitupu ndiyo heshima? Nianze kwa kuongea, au ningoje aanze yeye? Niandikie kila unachokiona ili nijipange.

Datius
(baba yako)

*

Hamugembe, Bukoba
28 Septemba 2024

Tata,

Shikamoo.

Yote uliyouliza nayajua. Baba Ismail alisema jambo moja juu yako juzi, na Mama Shamsa akasema mawili, na Farida alisema moja ambalo alifukuzwa nalo mezani. Nilikuwepo. Nakumbuka kila neno na nani alikuwa ameshika nini.

Sikuandikii.

Si kisasi. Nilikuandikia nilichokiona, ukaona kingine, na sote tulikuwa na akili zetu. Kama unataka kujua hasira yake ni ya kupita au ya kukaa, mtazame usoni. Uje bila kujipanga. Sijui kama itakwenda vizuri, na safari hii hata wewe hutajua mapema.

Ninaogopa pia, kama unadhani siogopi. Naogopa utaniangalia kama mtu wa nyumba nyingine. Lakini Jumatatu sitaenda shule, nimeshaomba ruhusa kwa mwalimu kwa mdomo wangu, na akanisikia. Nitakuwa chini mlangoni tangu asubuhi. Ukifika na hakuna mwingine anayeshuka, nitakufungulia mimi, tutapanda wote.

Nimemwuliza Dastan. Anasema Jumatatu anatoka Muleba alfajiri, na kiti cha pembeni yake kiko wazi, kama huoni vibaya kupanda lori kabla hujaliuza.

Mwanao,
Annastella